Hukumu ya Dawa ya Saratani ya Watoto Iliyotokana na Panya

Limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya la mtoto, ilielezwa Uganda mwaka 1958. Mzazi wa Mwandoya, Simiyu, humpeleka mwanawe Bugando, Mwanza; wa Unguja humvusha hadi Muhimbili. Dawa ya rituximabu, inayolenga seli za saratani hiyo, asili yake ni kinga ya panya iliyounganishwa na ya binadamu. Baadhi ya wazazi huiogopa.

Kula panya ni haramu. Ama dawa hii, tunaona inajuzu: wanachuoni wa Kishafi wameruhusu kujitibu hata kwa najisi, isipokuwa kileo, pasipopatikana mbadala twahara kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Kumfanyia panya majaribio kwa haja kunafaa. Kumtesa bure hakufai. Mzazi asicheleweshe tiba. Wallahu aalam.