KAMA, BASI, LA SIVYO: Kwale ndani ya sharti la urais

Leo ni zamu ya wale wanaoanza kuandika programu, na somo ni kauli ya sharti. Vitabu vingi huifundisha kwa alama za mtihani. Mimi naona historia ya uchaguzi wetu inaifundisha vizuri zaidi, na Kwale imo ndani yake.

Kuanzia 1992, mshindi wa urais alitakiwa kuwashinda wenzake kwa kura NA kupata angalau 25% katika mikoa 5 kati ya 8. Kwale ilikuwa wilaya tu. Kura za Msambweni na Diani zilitiwa kapu moja na za Mombasa, Kilifi na Lamu. Programu ya kukagua sharti hilo isingeiona Kwale kabisa, ingeona Mkoa wa Pwani.

Katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010 ikabadilisha mambo. Kifungu cha 138 tunaweza kukiandika hivi:

KAMA (kura > kura_zote / 2) NA (kaunti_zenye_25 > 47 / 2)
BASI mshindi
LA SIVYO uchaguzi mpya ndani ya siku 30

Sasa Kwale ni kaunti nambari 002, na inahesabiwa peke yake. (Ndiyo, nchi huanza kuhesabu na 1, sisi waandishi wa programu na 0!)

Angalieni alama. "Angalau 25%" ni >=, kwa hiyo 25 kamili inatosha. "Zaidi ya nusu" ni >, na nusu kamili haitoshi. Nusu ya 47 ni 23.5, basi zinahitajika kaunti 24. Lugha kadhaa zikigawanya namba kamili hutupa desimali na kubaki na 23. Ukiweka >= hapo, umempitisha mtu mwenye kaunti 23.

Sharti lilipimwa mara ya kwanza Machi 2013. Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Ubishi mmoja mahakamani ulihusu kura_zote: je, kura 108,975 zilizokataliwa zimo? Zikiwemo, ana 50.07%, yaani amevuka nusu kwa kura kama 8,400 tu. Zikitolewa, ana 50.51%, na pengo linakuwa karibu kura 63,000. Tume ilikuwa imetangaza 50.07%. Tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu iliamua zitolewe.