Mpingo wa Kilwa

Mpingo twaufahamu sote, mti uchoshao shoka. Ulaya moyo wake mweusi hufanyizwa zumari. Mwaka 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifika pwani yetu ya kusini kuuchunguza. Wakaingia msituni, wakahesabu miti na kuipima unene. (Wengine twauona mti huu kila siku, wala hatukupata kuuhesabu!) Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi hata ufae kukatwa. Katika kazi hiyo likazaliwa shirika la kuuhifadhi wilayani Kilwa. Zamani magogo yalikwenda zake, na wanakijiji wakapata kidogo mno. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutunza misitu yao wenyewe na kuuza mazao yake. Basi mwaka 2009 Kikole na Kisangi vikapata hati ya kimataifa ya msitu utunzwao vema, na bei ya gogo ikaingia katika mfuko wa kijiji.