Msumari wa Sheppard na blanketi lililosahaulika

Katika filamu na riwaya za upelelezi, mlango uliofungwa huwa hausumbui. Mhusika huchutama, huchomoa pini ya nywele, huchokonoa mara mbili tatu, na kitasa kinaachia. Mafundi wa vitasa husema huo ni uongo mtupu. Kwangu ni ukweli uliokatwa kipande, na kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa na thamani zaidi, yaani kazi.

Chukua tukio lililoulisha mtindo huu kwa muda mrefu. Tarehe 15 Oktoba 1724, Jack Sheppard, kijana mwizi aliyekuwa amefunzwa useremala, alitoroka gereza la Newgate jijini London. Alijivua pingu za mikono, kisha kwa msumari akafungua kufuli iliyomfunga sakafuni. Hapo ndipo mwandishi wa filamu wa leo angemtoa nje. Sheppard alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alibomoa ukuta wa dohani, akachomoa nondo iliyoziba njia ya moshi, akapanda huku pingu za miguu zikiwa bado zimembana, akavunja mlango baada ya mlango, milango sita, hadi juu ya paa, kama futi 60 kutoka chini. Kufika huko akaona hana cha kuteremkia. Akarudi njia ile ile gizani mpaka chumbani mwake kuchukua blanketi, akapanda tena. Katika mkasa wote sioni kinachomwonyesha mtu huyu waziwazi kuliko safari hiyo ya kurudia blanketi, na bado msumari ndio uliobaki katika kumbukumbu za wasimulizi.

Msumari ulifaa kwa sababu ya vitasa vya wakati ule. Usalama wa vingi ulitegemea vizuizi vya chuma vilivyopangwa ndani, na ufunguo halali ulichongwa mapengo ya kuvipita. Ukipata chuma chembamba kilichopindwa, kikavikwepa vizuizi na kugusa komeo, umemaliza. Ndiyo siri ya ule ufunguo ambao Waswahili huuita ufunguo malaya: umepunguzwa meno mpaka haukwami popote. Lakini mwaka 1778 Robert Barron alitengeneza kitasa chenye vyuma vya ndani vilivyopaswa kuinuliwa kwa kimo kamili, kila kimoja kwa kipimo chake. Mwaka 1784 Joseph Bramah akaja na chake, na baadaye kampuni yake ikaweka kimoja dirishani na kuahidi gini 200 kwa atakayekifungua. Kilikaa miongo kadhaa. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikishinda kwa vyombo alivyoviandaa mwenyewe, baada ya takriban saa 51 za kazi zilizotawanyika katika siku 16. Huyo alikuwa bingwa wa fani, mchana, bila mlinzi wa kumfukuza.

Yupo atakayesema kwamba Hobbs huyo huyo alifungua kitasa cha kampuni ya Chubb kwa dakika 25 tu, na kwamba hata leo makufuli ya bei rahisi hufunguka kwa waya. Ni kweli. Ila hata kufuli hafifu ya pini ndogo na springi, aina aliyoiendeleza Linus Yale Jr. katika miaka ya 1860, inadai mikono miwili: mmoja unabana silinda kama unaotaka kuizungusha, mwingine unainua pini moja moja. Pini ya nywele peke yake, mkononi mwa mtu asiye na mazoezi, haifanyi kazi hizo mbili.

Pingamizi zito zaidi ni la kisanaa: hadithi si darasa la ufundi, na msomaji hawezi kusubiri saa 51. Ningelikubali kama historia ya riwaya yenyewe isingelikanusha. William Harrison Ainsworth alipoanza kuchapisha riwaya yake juu ya Sheppard mwaka 1839, hakuuruka utorokaji. Aliutengea sura kadhaa: moja ya nondo, nyingine ya chumba, ya kanisa la gereza, ya paa. Kitabu kikapendwa mno, na mwaka huo huo kikachezwa majukwaani. Wasomaji walivumilia nondo na vumbi la dohani kwa sababu kila mlango uliwaonyesha gharama ya uhuru. Pini ya nywele inawapa uhuru huo bure, na kwa hiyo mlango wenyewe hauna maana tena. Ungeweza kuachwa wazi.

Na hata msumari ule mashuhuri ulikuwa na mwisho wake. Sheppard alifika Tottenham pingu zikiwa bado miguuni. Zilitoka pale alipomlipa fundi viatu mpita njia shilingi 20 amletee vyombo vya mhunzi.