Stone Cold, The Rock, Undertaker na Wenzao: Matokeo Yalipangwa, Maumivu Hayakupangwa

Kila kizazi kina ubishi wake wa kijiweni. Kwa waliokua mwishoni mwa miaka ya 90, ubishi ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: ile mieleka ya Marekani ni kweli au maigizo? Wa pili: kati ya Stone Cold, The Rock na Undertaker, nani mkali zaidi? Kwenye mabanda ya video watu walitazama kanda zilizochoka mpaka picha ikajaa mistari, wakatoka nje wakiwa bado hawajaelewana.

Swali la kwanza lilishajibiwa zamani, na aliyelijibu ni mwenye duka mwenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya WWF ilikiri mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano. Haikuwa uungwana, ni biashara tu: ilitaka kuondokana na usimamizi na tozo za bodi ya michezo ya jimbo. Kwa hiyo nani anashinda na nani anapokonywa mkanda, yote yalipangwa mapema.

Lakini kupanga mshindi ni jambo moja, na mtu mzima kuanguka kutoka urefu wa mita 5 ni jambo jingine. Sakafu haijui maigizo. Na hakuna kipindi kilichothibitisha hilo kama Attitude Era, ile miaka ya 1997 hadi 2001.

Vita ya Jumatatu usiku

Ili kuwaelewa wababe hawa, lazima kuelewa njaa iliyowazaa. Septemba 1995, kampuni ya WCW, mali ya tajiri wa televisheni Ted Turner, ilianzisha kipindi cha Nitro na kukirusha Jumatatu usiku, muda uleule wa Raw ya WWF. Julai 1996 Hulk Hogan, steringi wa watoto wa miaka ya 80, akageuka adui. Akaungana na Scott Hall na Kevin Nash kuunda kundi la nWo. Watu wakahama kwa wingi. WCW ikaipiga WWF kwa idadi ya watazamaji wiki 83 mfululizo.

Vince McMahon, bosi wa WWF, hakuwa na mfuko wa kushindana na Turner. Alichokuwa nacho ni watu ambao WCW ilishapita nao bila kuona thamani yao. Austin, Undertaker, Mick Foley, Triple H: wote walishapita WCW kabla ya kuwa hao tunaowajua. Jiwe walilolikataa waashi, kama wasemavyo wahenga wa kanisani.

Stone Cold Steve Austin

Mwaka 1995 jamaa alikuwa nyumbani anauguza msuli wa mkono, WCW ikamfukuza kazi. Alipofika WWF akapewa jina la Ringmaster, jina ambalo halikumtisha hata mtoto. Juni 1996 alimpiga Jake Roberts, aliyekuwa anajulikana kwa kunukuu Biblia, akachukua ubingwa wa King of the Ring. Kwenye maikrofoni akatamka maneno "Austin 3:16". Ndani ya miezi michache maneno hayo yalikuwa kwenye fulana Marekani nzima.

Pambano lililomfanya kuwa Stone Cold ni lile la Machi 23, 1997 dhidi ya Bret Hart. Uso umejaa damu, miguu imekunjwa kwenye Sharpshooter, na jamaa akagoma kusalimu amri mpaka akazimia. Aliingia ulingoni akiwa adui, akatoka akiwa steringi. Alishindwa, lakini ukumbi ulikuwa wake.

Zaidi ya miezi minne baadaye, kwenye SummerSlam ya Agosti 1997, Owen Hart alimgeuza kichwa chini miguu juu, akamshusha vibaya. Shingo ikaumia, na kwa muda Austin hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Pambano lilikuwa limepangwa ashinde, basi akajikokota, akambana Owen kwa shida, mwamuzi akahesabu tatu. Mashabiki wengi hawakujua walichokuwa wanakiona.

Machi 1998 alimpiga Shawn Michaels, huku Mike Tyson akisimama pembeni kama msimamizi, akachukua mkanda. Kisha ukaja ugomvi wake na bosi McMahon, na huo ndio uliogeuza vita. Kila mfanyakazi duniani aliyewahi kutamani kumzaba bosi wake kofi alipata mtu wa kumfanyia kazi hiyo. Aprili 13, 1998, Raw ilishinda Nitro kwa mara ya kwanza tangu 1996.

Lakini shingo haikusahau. Mwishoni mwa 1999 ikatungwa hadithi kwamba Austin amegongwa na gari, ili apate nafasi ya kwenda kufanyiwa upasuaji.

The Rock

Dwayne Johnson alizaliwa ndani ya mieleka. Babu yake ni Peter Maivia, na baba yake Rocky Johnson alikuwa, pamoja na Tony Atlas, katika timu ya kwanza ya weusi kushika mkanda wa timu wa WWF, mwaka 1983. Kijana alitaka mpira wa Kimarekani, ukamtema. Novemba 1996 akaingia WWF kama Rocky Maivia, kijana mpole anayetabasamu muda wote.

Mashabiki walimchukia. Siyo kule kuchukiwa kwa kupangwa, walimchukia kweli, wakaimba wakitaka afe. Wengine wangeacha kazi. Yeye akaichukua ile chuki akaifanya mtaji: akajiunga na kundi la Nation of Domination, akainua nyusi moja, akaanza kujiita The Rock na kujitaja kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Ndani ya miaka miwili watu walewale waliomzomea wakawa wanamalizia sentensi zake. Kwenye maikrofoni, hakuna aliyemfikia.

Mick Foley

Huyu hakuwa na mwili wa kuonyesha. Tumbo lilimtangulia, nywele hazichanwi, sikio moja nusu. Sikio hilo liling'oka Machi 1994 huko Munich, Ujerumani, kichwa kiliponasa kwenye kamba za ulingo akipigana na Vader. Alicheza wahusika watatu: Cactus Jack, Dude Love na Mankind, yule wa barakoa ya ngozi.

Juni 28, 1998, mjini Pittsburgh, aliingia Hell in a Cell na Undertaker. Wakaanzia juu ya paa la kizimba. Undertaker akamtupa kutoka huko, mita 5 hivi, mpaka kwenye meza ya watangazaji. Machela ikaletwa. Foley akashuka kwenye machela, akapanda tena juu. Safari hii paa lenyewe likaachia, akapita nalo mpaka katikati ya ulingo, na kiti kikamfuata usoni. Anguko la kwanza walilijua. La pili halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Kamera zikamwonyesha akitabasamu, na kwenye tundu la pua kulikuwa na jino lake. Na bado pambano likaendelea, mpaka akaishia kuangushwa juu ya pini zilizomwagwa ulingoni.

Januari 4, 1999, Foley alitwaa mkanda wa dunia kwenye Raw. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa mapema, na mtangazaji wa WCW akawatobolea watazamaji matokeo kwa kejeli. Akajipiga risasi mguuni mwenyewe: watazamaji laki kadhaa wakabadili chaneli papo hapo kwenda kumwona mtu wa watu akishinda.

Majuma machache baadaye, The Rock alimpiga viti 11 kichwani akiwa amefungwa pingu, mke na watoto wake wakiwa mstari wa mbele wanalia. Watoto walijua baba anaigiza. Walichoona siyo maigizo.

The Undertaker

Aliingia WWF Novemba 1990, karibu kila mtoto akaamini ni maiti anayetembea. Hata hivyo ukubwa wake ulionekana pale nyakati zilipobadilika na yeye akabaki. Oktoba 1997 alipigana na Shawn Michaels kwenye Hell in a Cell ya kwanza kabisa, na usiku huohuo akatokea Kane, "mdogo wake". Hawana undugu wowote. Kane jina lake ni Glenn Jacobs, na mwaka 2018 akawa meya wa Knox County, Tennessee.

Nyuma ya pazia, Undertaker alikuwa mzee wa baraza. Wenzake wakigombana, kesi inapelekwa kwake. WrestleMania alishinda mara 21 bila kupoteza, mpaka Brock Lesnar alipomkata mwaka 2014. Na usiku ule wa Foley? Alipigana akiwa na mguu uliovunjika.

Triple H, Shawn Michaels na Chyna

Hawa ndio waliounda kundi la D-Generation X, wavulana watukutu wa enzi ile. Michaels aliumia mgongo alipoangukia ukingo wa jeneza Januari 1998, akakaa nje zaidi ya miaka minne. Triple H alichanika msuli wa paja Mei 2001 katikati ya pambano, akamaliza pambano akiwa hivyohivyo. Leo ndiye anayesimamia ubunifu WWE.

Chyna ndiye anayesahaulika kirahisi. Mwaka 1999 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia Royal Rumble, na mwaka huohuo wa kwanza kutwaa mkanda wa Intercontinental, kwa kumpiga mwanaume. Alifariki Aprili 2016. Kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima, pamoja na DX, kulikuja 2019. Maua kwenye kaburi.

Bret na Owen Hart

Bret aliondoka Novemba 1997 baada ya kudhulumiwa mkanda hadharani mjini Montreal: alikuwa anahamia WCW, na McMahon akaamuru kengele ipigwe ilhali Bret hajasalimu amri. Huko WCW, teke la Goldberg kichwani mwaka 1999 likammaliza kimichezo.

Mdogo wake Owen alibaki WWF. Mei 23, 1999, mjini Kansas City, alitakiwa kushuka kutoka dari la ukumbi akining'inia kwenye kamba, kama kichekesho cha mhusika wake Blue Blazer. Kifungio kikaachia. Alikuwa na miaka 34. Maonyesho yakaendelea usiku uleule, wenzake wakipanda kwenye ulingo ambao mwenzao ameangukia. Mwaka 2000 familia ilimaliza kesi kwa malipo ya dola milioni 18.

Kwa hiyo nani mkali?

Machi 2001 WWF iliinunua WCW. Aprili 1, mbele ya watu 67,925 mjini Houston, Austin alimpiga The Rock kwa msaada wa McMahon, kisha akampa mkono bosi aliyemtukana miaka yote. Enzi ikaishia hapo. Mwaka 2002 WWF ikawa WWE. Mwaka 2010 kumpiga mtu kiti kichwani kukapigwa marufuku.

Kila mwanamieleka mzuri anafundishwa kwamba kazi yake ya kwanza ni kumlinda yule anayempiga. Mpinzani anakukabidhi shingo yake, na wewe unamrudishia ikiwa nzima. Attitude Era ilikuwa tamu kwa sababu ilicheza na mpaka huo kila Jumatatu, na wakati mwingine ikauvuka.

Kwa umaarufu, chukua The Rock. Kwa kuokoa kampuni, Stone Cold. Kwa kudumu, Undertaker. Kwa moyo, Foley hana mpinzani. Lakini wale wanaosema "mieleka ni feki" waende kumweleza Austin anayeishi na ile shingo, au watoto wa Owen Hart.

Haya, wewe mbabe wako alikuwa nani, na kwa nini?