Sauti inapoipita picha

Video ya simu kutoka Longech, penye wavuvi wa Ziwa Turkana, huweza kuanza vyema, kisha midomo ya msemaji ikaachana na maneno yake. Kila fremu, yaani picha moja, hubeba alama ya wakati wa kuonyeshwa. Fremu 30 kwa sekunde zikipewa alama za 25, dakika 10 hurefuka kuwa 12, ilhali sauti hukoma kwenye 10. Aidha, simu nyingi hupunguza kasi zenyewe penye giza.

Video ichezwe kwanza kwa programu nyingine, mathalani VLC. Kasoro ikibaki, nakala iandikwe upya kwa FFmpeg, alama zikifuata kasi halisi ya kurekodia. Faili asilia isiguswe. Mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa mvuvi.