Kutoka Korja hadi Tani: Mikoko Pamoja ya Gazi

Zamani mkoko ulihesabiwa kwa korja. Miti ishirini ilipangwa pamoja ikapakiwa jahazini, na jina la kila mti lilifuata unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti za pwani yetu zilivuka bahari hadi Arabuni, na hata upana wa vyumba vya huko, kama vya Lamu, ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza miti hiyo nje. Leo mkoko wa Gazi unauzwa ng'ambo tena, ila safari hii haukatwi, na kipimo chake si korja bali ni tani.

Gazi iko Msambweni, kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa. Wasomaji wa historia wanaijua kwa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Wanasayansi wanaijua kwa ghuba yake, yenye mikoko inayokaribia hekta 600. Humo mna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa, mkandaa, muia, mchu, mkomafi, na mlilana ambao mafundi wa vyombo waliupenda kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Samaki wadogo na kamba hujificha humo mpaka wapate nguvu za kutoka kwenda kwenye miamba. Mvuvi wa Gazi hakuhitaji kuambiwa hilo na mtafiti.

Kilichouumiza msitu huo zaidi hakikuwa shoka la mwenye kujenga kibanda. Katika miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu, mbegu zikawa zinachukuliwa na maji kabla ya kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti kijana, James Kairo, alianza kupanda miche hapo pamoja na wanakijiji. Baadaye akawa mmoja wa mabingwa wa mikoko wanaojulikana duniani, akifanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ambayo ina kituo Gazi. Kina mama nao walijenga daraja la mbao la kupita katikati ya mikoko, wakawa wanatoza wageni kiingilio. Kwa hiyo lilipokuja suala la kuuza hewa ukaa, kijiji hakikuwa kigeni katika kuutazama msitu kama mali iliyosimama.

Hapo ndipo mkoko ulipoalika maua, maana msitu haukuwa mali ya kijiji. Tangu 1932 mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali; mwanakijiji alikuwa mgeni katika msitu ulio nyuma ya nyumba yake, akihitaji kibali hata kwa pau za kuezekea. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kuunda vyama na kusimamia msitu kwa ubia na serikali. Kwa mlango huo, Gazi na jirani yake Makongeni walipata haki ya kusema juu ya hekta 117, na mwaka 2013 mradi wao, Mikoko Pamoja, ukaanza kuuza hewa ukaa. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kupata fedha za hewa ukaa kwa kulinda na kurejesha mikoko.

Bidhaa yenyewe inahitaji maelezo, maana haishikiki. Mkoko huvuta hewa ukaa kama mti wowote, lakini sehemu kubwa ya mzigo huuweka chini, ndani ya tope jeusi lisilopitisha hewa, ambamo mizizi na majani hayaozi upesi. Ukiukata, tope linafunuka na mzigo unaanza kurudi angani. Wanakijiji wanalinda, wanapanda, vipimo vinachukuliwa. Tani kama 3,000 kwa mwaka zinathibitishwa kwa kanuni za shirika la Plan Vivo, na ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, linatafuta wanunuzi. Mnunuzi hapokei kitu ila cheti. Ili watu wasikose nguzo na kuni, ilipandwa mivinje kandokando ya vijiji. Bila mivinje hiyo, ulinzi ungekuwa kumnyima mtu kuni na kumwachia maneno mazuri.

Fedha si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa takriban dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka, na kwa vijiji viwili hizo si utajiri. Lakini matumizi yake huamuliwa barazani, mbele ya watu, na yaliyofanyika yanaonekana: maji ya bomba, vitabu vya shule, ukarabati wa madarasa. Mimi naona siri ya umri wa mradi huu iko kwenye bomba la maji kuliko kwenye cheti. Mtu anayechota maji hahitaji semina ya tabianchi.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kisha mfano ukashuka pwani hadi karibu na mpaka wa Tanzania, ambako Vanga, Jimbo na Kiwegu walianzisha mradi wao wa hekta 460, karibu mara nne ya ule wa Gazi.

Mkataba wa mwanzo ulipangiwa miaka 20, yaani hadi 2033. Kuna jambo moja lisilofaa kungoja mwaka huo. Taarifa za mradi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa tani na hekta. Korja, mazio, mataruma, bei ya mzigo wa kuni uliokwenda matanurini: hayo yamo vichwani mwa wazee waliokata miti hiyo kwa mikono yao. Vijana wa Gazi na Makongeni, kaeni nao mkiwa na daftari wangali wanakumbuka.