Huduma ya jamii katika mabadilishano ya wanafunzi wa kimataifa

Huduma ya jamii katika mabadilishano ya wanafunzi ni kazi isiyo na malipo ambayo mwanafunzi wa sekondari huifanyia jamii iliyompokea katika kipindi anachosoma ugenini. Kwa kawaida ni kazi ndogo ndogo: kupanga vyakula katika ghala la misaada, kuwasomesha watoto wa shule ya msingi, kuokota taka kando ya mto, kuwatembelea wazee wanaolelewa kwenye makao. Yapo mabadilishano ya wiki mbili, muhula au mwaka mzima wa masomo. Makala hii inahusu zaidi yale ya mwaka mzima, maana ndiyo yanayompa mgeni muda wa kufahamu mji wake mpya unahitaji nini.

Mara nyingi huduma huelezwa kama nyongeza kwenye masomo, kitu cha kumfundisha kijana tabia njema. Historia inaonyesha kinyume chake. Kwa shirika kongwe kuliko mengi katika uwanja huu, kujitolea kulitangulia, na wanafunzi wakaja zaidi ya miaka 30 baadaye.

Chimbuko: madereva wa magari ya wagonjwa

A. Piatt Andrew alikuwa mchumi wa Marekani aliyewahi kufundisha Harvard na kushika wadhifa katika Hazina ya nchi yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikwenda Ufaransa akaendesha gari la wagonjwa la Hospitali ya Kimarekani ya Neuilly, karibu na Paris. Mwaka 1915 alipata kibali cha jeshi la Ufaransa kupeleka vikosi vya madereva wa kujitolea karibu kabisa na mstari wa mapigano, na hapo likazaliwa American Field Service, AFS. Wengi wa madereva walikuwa vijana wa vyuo vikuu waliojigharamia nauli na sare. Walitumia magari mepesi ya Ford aina ya Model T, na katika milima ya Vosges magari hayo yalishika njia ambazo awali majeruhi walishushwa kwa migongo ya nyumbu. Kufikia 1917, Marekani ilipoingia vitani rasmi na jeshi lake kuvichukua vikosi hivyo, vijana zaidi ya 2,000 walikuwa wamepita AFS.

Vita vya pili vilipozuka, Stephen Galatti, dereva wa zamani wa vita vya kwanza, alilifufua shirika. Madereva wake waliwafuata Waingereza Afrika Kaskazini, Italia na Burma, na mwaka 1945 baadhi yao waliingia kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen kuwatoa waliosalia hai. Baada ya vita Galatti na wenzake wangeweza kuweka medali kabatini na kufunga ofisi. Waliamua kutumia mtandao wao wa marafiki kuwaleta vijana wa nchi mbalimbali kusoma Marekani na kukaa katika nyumba za watu. Mwaka 1947 walifika wanafunzi 52 kutoka nchi 10, miongoni mwake Ufaransa, Ugiriki, Norwe na Syria. Galatti aliliongoza shirika hadi alipofariki mwaka 1964.

Jambo moja halikubadilika katika safari hiyo kutoka machela hadi madawati: shirika liliendelea kutegemea watu wasiolipwa. Mpaka leo, anayempokea mwanafunzi wa AFS uwanja wa ndege, anayemhoji mama wa familia mwenyeji, na anayepigiwa simu usiku mtoto akilia kwa kukumbuka nyumbani, kwa kawaida ni mtu wa kujitolea anayeishi mji huohuo.

Tawi la Hahn

Mzizi wa pili ni wa Kijerumani na Kiingereza. Kurt Hahn, mwalimu Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1886, alifungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933 kisha akahamia Uingereza, ambako alianzisha shule ya Gordonstoun. Aliamini kuwa kijana hubadilika pale anapojua kwamba uhai wa mtu mwingine uko mikononi mwake. Mwaka 1962 wazo hilo lilipata nyumba yake katika Atlantic College, kwenye ngome ya St Donat's, pwani ya Wales, shule iliyowakusanya vijana wa miaka 16 na kuendelea kutoka mataifa mbalimbali na kuwapa, pamoja na masomo, zamu ya uokoaji baharini.

Mkuu wake wa kwanza, Desmond Hoare, alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi la maji. Pwani ile ina mawimbi mabaya na mawe mengi. Mashua za mbao zilivunjika, na za mpira mtupu zilichanika chini. Hoare na wanafunzi wake walijaribu mwaka baada ya mwaka kuunganisha kitako kigumu na mbavu za mpira uliojazwa upepo, hadi wakapata chombo chepesi kisichozama kwa urahisi na kinachostahimili kukwaruza mwamba. Hataza yake iliuzwa kwa shirika la uokoaji la Uingereza, RNLI, kwa pauni moja. Aina ya mashua ya uokoaji iliyotokana na kazi hiyo, Atlantic 21, ilipewa jina la chuo. Boti za namna hiyo sasa zimeenea duniani, na askari wa doria na wapiga mbizi wa Zanzibar wanaozipanda hawana sababu ya kujua kwamba zilianza kama kazi ya mikono ya wanafunzi.

Kutoka mazingira hayo ilitokea pia stashahada ya International Baccalaureate (IB), ambayo tangu mwanzo iliifanya huduma kuwa sehemu ya masharti ya kuhitimu. Mtandao wa vyuo uliotokana na Atlantic, UWC, umefika Tanzania: shule ya kimataifa ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1969 hasa kwa watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, ilijiunga mwaka 2019 na sasa inaitwa UWC East Africa, ikiwa na kampasi Moshi na Arusha. Mtandao mwingine wenye damu ya Hahn, Round Square, ulioanza mwaka 1966, una mwanachama Nairobi ambaye hakuhitaji kufundishwa somo hili na mtu yeyote. Shule hiyo, Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala mitaani, huwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo wakafanye kazi bila malipo katika hospitali na ofisi za umma. Wavulana wanaosomeshwa kwa hisani ndio wanaotoa hisani.

Mpango wa YES na wanafunzi wa Afrika Mashariki

Mpango uliowapeleka vijana wengi wa Kiswahili katika huduma ya aina hii ni Kennedy-Lugar Youth Exchange and Study, YES. Bunge la Marekani liliuanzisha Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa juhudi za maseneta Edward Kennedy wa Massachusetts na Richard Lugar wa Indiana, mmoja wa chama cha Democratic na mwingine wa Republican. Ulilenga nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, na kwa msingi huo Kenya na Tanzania, pamoja na Zanzibar, ziliingia. Anayechaguliwa hulipiwa na serikali ya Marekani mwaka mmoja wa shule, akikaa na familia mwenyeji. Tangu 2009 kuna njia ya kurudi, YES Abroad, inayowapeleka Wamarekani katika baadhi ya nchi hizo.

Kila mwanafunzi wa YES hutarajiwa kujitolea. Mwezi Novemba, katika wiki ya elimu ya kimataifa, husimama mbele ya madarasa na kueleza kwao kukoje, kazi ambayo kwa mtoto wa Tanga au Lamu huwa nusu jiografia na nusu kukanusha kwamba alikwenda shule akipishana na simba. Mwezi Aprili huungana na vijana wengine katika siku ya kimataifa ya huduma ya vijana. Katikati ya hapo ni Jumamosi za kawaida, mara nyingi kwenye benki ya chakula.

Benki hizi, ambazo ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967, hupokea vyakula vilivyobaki madukani na kuvigawa kwa wenye shida. Kazi anayopewa mgeni ni kuchambua. Kopo moja moja hushikwa, husomwa tarehe, hupapaswa kingo. Lililobonyea ubavuni huwa linapita. Lililobonyea kwenye mshono, au lililofura, hutupwa, maana vijidudu huenda vimeingia na kutengeneza sumu ndani. Baada ya saa mbili mikono inanuka kadibodi na kijana amejifunza jambo ambalo hakuambiwa kwenye semina ya kuagwa: kwamba katika nchi aliyodhani kila mtu ana kila kitu, kuna foleni ya chakula nje ya mlango, na waliosimama humo wengine wamekuja na magari.

Kwa upande mwingine, huduma yenyewe si ngeni kwake. Amekulia kwenye zamu ya kufagia darasa, ndoo ya maji ya bustani ya shule, msaragambo au harambee ya kijiji. Mwenzake wa Rwanda ana umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kinachomshangaza ni kuona usafi wa shule ukifanywa na mtu aliyeajiriwa huku wanafunzi wakipanda basi kwenda kusafisha bustani ya mtaa wa pili.

Saa na fomu

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kule huduma huhesabiwa. Jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza Marekani kuifanya sharti la kuhitimu sekondari, kuanzia darasa la 1997, kwa kiwango cha saa 75 au mpango wa wilaya unaolingana nazo. Ontario, Kanada, inadai saa 40. Mgeni wa mwaka mmoja mara nyingi hahitimu huko, lakini hukaa darasani na wenzake wanaokimbizana na fomu, saini ya msimamizi na tarehe ya mwisho, naye hushika mwendo huohuo. Zipo pia tuzo zinazotolewa kwa idadi ya saa, na cheti cha saa 100 kina uzito wake mbele ya mjomba aliyechangia sanduku la safari.

Hesabu hiyo ina faida ya uwazi na hasara ya kawaida ya kila kinachohesabiwa: watu huanza kutafuta saa badala ya kazi. IB yenyewe, iliyokuwa ikidai takriban saa 150 za ubunifu, michezo na huduma, ililegeza hesabu hiyo kwa kundi lililofanya mtihani mwaka 2010 na kutaka ushahidi wa alichojifunza mwanafunzi. Kipimo cha haki zaidi ni kuuliza nani angepungukiwa kazi hiyo isipofanywa. Zamu ya mashua ya St Donat's ilikuwa na jibu, na makopo ya Jumamosi yanalo. Bango la rangi lililochorwa kwa saa sita likabanduliwa Jumatatu halina.

Sheria ya Marekani nayo imechora mipaka. Mwanafunzi wa sekondari mwenye viza ya J-1, ile ya mabadilishano, haruhusiwi kuajiriwa. Anachoruhusiwa ni vibarua vya hapa na pale kama kulea mtoto jioni au kukata majani. Wala hawezi kupewa kazi ya bure katika biashara ya mtu ikaitwa kujitolea. Familia mwenyeji wa mwanafunzi wa YES hailipwi. Inachoweza kupata, ikitimiza masharti, ni kuondoa gharama zake, hadi dola 50 kwa mwezi, kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa bei za maziwa na nafaka za asubuhi huko, na kijana wa miaka 16 mezani, hakuna anayeweza kuisema familia hiyo kwamba imefuata fedha. Wao ndio wanaojitolea kuliko wote katika mpango huu, na vyeti vya saa haviwahusu.

Lawama

Huduma ikielekea upande mwingine, kutoka nchi tajiri kuja kwetu, hoja hubadilika. Safari za wiki mbili za wanafunzi wa Ulaya na Amerika Kaskazini kuja kujenga darasa au kucheza na watoto yatima zimekuwa biashara, na lawama kubwa imeangukia nyumba za watoto. Wengi wa wanaolelewa humo duniani wana mzazi mmoja hai au ndugu. Wageni na michango yao wanaweza kuwa ndio sababu ya nyumba kuendelea kutafuta watoto. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017 na baadaye ikaweka mkakati wa miaka 10, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja kwa jina hatari za kujitolea katika vituo vya yatima. Kuhusu madarasa, kijana asiyewahi kushika mwiko wa fundi hajengi ukuta ulionyooka, na kila kijiji kina mafundi wanaotafuta kazi. Nauli ya kundi moja ingewalipa.

Mabadilishano ya mwaka mzima huepuka sehemu ya lawama hizi kwa sababu mgeni anakuja kwanza kama mwanafunzi na mtoto wa nyumba. Hajaleta fedha wala mradi. Mgeni wa Kiswahili hupewa jembe siku ya tatu, na huyu naye anafuata kanuni hiyo: anaanza kwa kula, kisha anashika kazi anayoonyeshwa na wenye mji.

Ujerumani imejaribu kusawazisha safari yenyewe. Mpango wake wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, kwa miaka mitano uliwapeleka Wajerumani tu kwenda Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zinazowapokea. Tangu 2013 una njia ya Kusini kwenda Kaskazini, na vijana kutoka Tanzania na kwingineko hufanya mwaka wa huduma katika chekechea, makao ya wazee na miradi ya mazingira huko Ujerumani.

Kwa wa YES, huduma haiishi uwanja wa ndege. Masharti ya viza zao huwataka wakae nchini kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza za kazi za Marekani, na vyama vya wahitimu wa mpango huo huendesha kazi za kusafisha fukwe, kuwaongoza wanafunzi wadogo na kutembelea shule. Kenya nayo imeweka huduma ya jamii kuwa somo la lazima la sekondari ya juu katika mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilifika gredi ya 10 Januari 2026.